Altezza, IST na lile neno "solide"

Leo siandike juu ya mbegu wala mbolea. Kuna neno moja linanisumbua tangu mwezi mzima: "solide". Pita Jumapili pa meza yoyote yenye vijana watatu hapa Lubumbashi, utalisikia. Altezza ni solide. Subaru ni solide. IST, apana, ile ni kikopo, motoka ya kupelekea mboga ku soko.

Mwenye kulisema zaidi ni yaya wangu. Mimi nilimwamini, tena nilimsaidia kutafuta pesa ya kununua. Kwa hiyo, maneno ninayoandika hapa yananihukumu na mimi.

Sababu yake ya kwanza ni mashindano. Subaru ilichukua taji ya watengenezaji ku rally ya dunia miaka 3 mfululizo, 1995, 1996 na 1997, mu matope na mu mawe. Basi, yaya anauliza, Impreza itashindwaje na barabara ya Kasenga? Ni kweli ilishinda. Lakini motoka ya rally inafanana na ile ya kwetu kwa sura tu, na ikimaliza vipande vichache vya mbio, inaingia mu mikono ya kundi la mafundi wanaobadilisha bwati ya vitesi kwa dakika. Rally inaonyesha kama motoka inaweza kuvumilia kipigo mpaka kufika pale fundi anangojea. Haionyeshe kama itatembea miaka 8 na mutu mwenye kupata mushahara leo, kesho hapana.

Altezza yenyewe haikuwa motoka ya bure, tusiseme uongo. Japani waliichagua motoka ya mwaka 1998-1999, na mwaka uliofuata wakachagua Vitz. Ile inanifurahisha: wenye kuzijua walisifu zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Ya yaya ilikuwa RS200, moteri 3S-GE ya lita 2. Ile ya vitesi vya mukono inatoa mpaka farasi 210. Mu lita 2 bila turbo, ile ni mingi. Ili kuitoa, moteri inabana hewa na mafuta zaidi ya mara 11, njo maana inaomba esansi yenye oktani ya juu. Na sisi tulikuwa tunaipa nini? Mafuta ya Kadhafi, mu bidoni ya njano, pembeni ya barabara. Tulipopanda mulima, moteri ilianza kugonga sawa mutu anagonga mulango. Yaya akaongeza muziki.

Tena ile moteri inapanga supape zake na mukaba, na ule mukaba unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100 000 hivi. Motoka yetu ilifika okazyo, toka Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa, na kitabu ya Kijapani yenye hakuna mutu nyumbani anaweza kusoma. Tuliuliza bei, tukauliza rangi, tukauliza kama redio inakamata Bluetooth. Mukaba, hakuna aliyeuliza. Ulikatika ku barabara ya Likasi, supape zikagongana na pistoni, safari ikaisha pale. Pesa ya moteri ingine ingelipa mbegu na mbolea ya shamba yetu kwa misimu 2. Mpaka leo motoka iko nyuma ya nyumba, kuku zinataga chini yake.

IST ina moteri ya lita 1,3 ao 1,5, na supape zake zinapangwa na munyororo unaokaa ndani ya mafuta ya moteri. Ukifanya vidanji kwa wakati, hakuna mukaba wa kukungojea. Moteri za jamaa ile ile ziko mu Vitz, mu Probox na mu Corolla nyingi, kwa hiyo fundi wa mutaa ameshafungua mia mbele ya yako, na piyesi haitafutwe Dubai.

Lakini ninyi wa IST, musicheke mbio. Ile moteri ni ya aluminiumu. Ukiweka maji ya robine mu radiatere, ukapakia watu 6 na gunia mbili, ukaiacha ichemke paka mara moja, kichwa chake kinapinda. Nimeona IST zimekufa mbele ya miaka 2, na mwenye kuziua alikuwa anasema "hii motoka haiombe kitu". Inaomba. Inaomba kidogo tu, na sisi tunasikia kama haiombe.

Ku fakilte tulijifunza kitu hiki na mahindi. Mbegu ya hibridi inazaa gunia nyingi kama kuna mbolea na mvua ya kutosha. Kwa mulimaji asiye na mbolea, ile ya kienyeji mara nyingine inamwokoa. Hakuna profesa aliyetuuliza mbegu gani ni solide. Walituuliza udongo uko namna gani na mulimaji ana nini mu mufuko. Mimi mwenye diploma ile, pa kununua motoka nilisahau maswali yote mawili.

Nikubali pia kitu kimoja. Usiku mumoja, mbele ya mukaba kukatika, yaya aliisukuma ile Altezza toka peaje, mimi pembeni yake, na nilicheka sawa mutoto. IST haijanichekesha hata siku moja.

Sasa sisi watu 5 wa shamba tumeweka pesa miezi 14. Wawili wanataka Mark X, juu "inaheshimisha". Wawili wanataka IST. Kura ya 5 ni yangu, na yaya ananipigia simu kila jioni. Jumamosi tunaenda kuona IST moja ya 2004. Nimeomba fundi aje na sisi, na nimewaambia wenzangu kama dola 150 zitabaki mu kasha, si za muziki, ni za vidanji, radiatere na matairi. Yaya naye anasema atakuja. Atakaa nyuma, juu ku mbele magoti yake yanagonga.