Kupima Gemu: Anza na Mkono

Ukiingia banda la gemu usilolijua na unataka kupima gemu inayochezwa, kipe kioo mgongo kwa dakika tano. Waangalie waliokaa kwenye benchi.

Pale Uyole, inapoachana barabara ya Tunduma na ile ya Tukuyu, benchi la wanaosubiri zamu hujaa kuliko viti vya wachezaji, hasa Juni na Julai, baridi inapowasukuma watu ndani. Waliokaa hapo hawajashika padi, lakini gemu nzuri huwanyanyua kabla mpira haujaingia golini. Wameliona pengo nyuma ya beki wa kulia, wameona winga ameanza kukimbia, na mmoja ameshapiga kelele "mpe!" kabla pasi haijatoka. Gemu mbovu huwanyanyua baada ya goli, tena wakati wa marudio. Hizo sekunde mbili ndizo kipimo changu cha kwanza. Zinaonyesha kwamba picha inasomeka, kwamba mtu wa pembeni anaweza kujua nini kinakuja na kwa nini.

Vijana huniuliza zaidi swali jingine: ipi ina grafiki kali? Silidharau swali hilo. Mama anayenunua maharage sokoni Uyole naye huitwa na rangi kwanza. Njano Uyole, aina iliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa hapa kwetu, inaonekana toka mbali. Lakini akishayachota kiganjani huuliza kama yanaiva haraka na kama yana mchuzi mzito. Rangi imemleta hadi kwenye fungu, na kazi yake imeishia hapo. Mnunuzi wa gemu afike mbali kama mama huyu.

Kwa hiyo chukua padi. Mkimbize mchezaji mmoja kwa kasi yake yote, kisha mgeuze ghafla arudi alikotoka. Rudia mara kumi. Je, anageuka kidole kinapoamua, au anageuka baadaye, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini? Hapa ndipo picha nzuri inapoweza kuwa adui. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde huchora kila picha kwa takriban milisekunde 17. Ikishuka hadi 30, kila picha inasubiri milisekunde 33. Mashine ni ile ile na nguvu zake zina mwisho. Kila jasho kwenye paji la uso, kila unyasi, kila kivuli cha mtazamaji jukwaani lazima kikokotolewe, na mara nyingi watengenezaji wanaotaka mapambo hayo hulipia kwa kupunguza idadi ya picha. Anayetazama tu huenda asigundue. Kidole hugundua. Kwenye gemu ya mpira au ya ngumi sikubali 30 hata iwe na nyasi za dhahabu. Kwenye gemu ya kutembea, kuzungumza na kutafuta njia, nakubali bila kinyongo.

Kipimo hiki kilinifunza somo la gharama. Niliwahi kubadilisha TV ya chogo bandani kwangu nikaweka flati kubwa, inayong'aa, nikiamini nimewapa wateja raha. Ndani ya wiki moja vijana wakaanza kulalamika kwamba gemu "imekuwa nzito". Gemu ilikuwa ile ile na diski ile ile. Baadaye nikaelewa kwamba TV nyingi za flati huichakata picha kwanza, huilainisha na kuikoleza rangi, ndipo ziionyeshe, na kazi hiyo inakula muda. TV ya chogo haikuwa na kazi hiyo. Ilionyesha kile ilicholetewa, papo hapo. Kama una flati, ingia kwenye mipangilio yake na utafute hali ya gemu, uiwashe. Picha itapauka kidogo na mkono utapona. Fanya hivyo kabla ya kuihukumu gemu yoyote.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii uko kwenye PlayStation 2. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, ambazo leo hata simu ya bei ya chini inazipita mara nyingi. Hata hivyo Konami waliendelea kuitolea gemu ya mpira ya PES hadi toleo la 2014. Nyuso za wachezaji zilikuwa kama vinyago, na mashabiki uwanjani kama karatasi zilizobandikwa ukutani. Lakini aliyemshika Adriano wa Inter kwenye PES 6, ya mwaka 2006, anaukumbuka mguu ule wa kushoto. Ulijua ni yeye kwa uzito wa mwili wake akigeuka na kwa jinsi mpira ulivyotoka. Huo nao ni uchoraji, tena wa hali ya juu: kumchora mtu kwa mwendo wake.

Linganisha na yaliyotokea Septemba 30, 2021, Konami hao hao walipotoa eFootball 2022. Walikuwa wamehamia kwenye mtambo mpya wa kutengenezea gemu, na wapenzi wa mpira walitarajia sura zinazofanana na za kwenye runinga. Zikatoka nyuso zilizopinda, dunia nzima ikazicheka, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Wengi wanakumbuka nyuso tu. Mimi nakumbuka kwamba kwenye maelezo yale ya kuomba radhi walitaja pia kasi ya pasi na namna ya kukaba. Uso uliopinda unazoeleka kufikia mechi ya tatu. Pasi inayochelewa haizoeleki kamwe.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni ukungu.

GTA San Andreas ya mwaka 2004 ilibeba miji mitatu, jangwa, misitu na mlima kwenye mashine ile ya megabaiti 32. Mashine haikuweza kuchora vitu vya mbali, kwa hiyo watengenezaji wakavifunika kwa ukungu na vumbi la rangi ya machungwa. Ulikuwa ujanja wa kuficha udhaifu, lakini ukazaa kitu kikubwa. Ukiendesha gari kutoka mji mmoja kwenda mwingine hukuona mwisho wa safari, na nchi ikawa kubwa. Novemba 2021 likatoka toleo lililotengenezwa upya, lenye picha kali na taa mpya. Ukungu ukaondolewa. Mchezaji akisimama juu ya Mlima Chiliad akaona mji ule pale, karibu, kama kijiji cha kuchezea watoto. Ulimwengu ukanywea kwa sababu ulionekana vizuri mno, na Rockstar wakalazimika kuomba radhi kwa hali ya toleo zima.

Mtu wa Uyole hahitaji kuelezwa jambo hili. Aliyepanda basi alfajiri kuelekea Tukuyu, akapita Isyonje ukungu umeshuka hadi barabarani, anajua jinsi mwendo mfupi unavyokuwa safari. Jua likitoka unashangaa kumbe ni pale tu. Msanii mzuri wa gemu anajua kipi akifiche. Ukipima picha, tazama pia kile ambacho mtengenezaji amekataa kukuonyesha.

Hii haina maana kwamba picha ziwe hafifu. Kuna mahali ambapo siwezi kusamehe. Simama mlangoni mwa banda, fumba jicho moja, kisha ujaribu kutofautisha timu mbili na kuuona mpira. Ukishindwa, gemu imeanguka, hata kama kila jezi ina mikunjo yake. Kwenye simu kipimo kiwe kikali zaidi, kwa sababu kioo ni kidogo na mara nyingi unacheza juani. Na simu inayochemka mkononi baada ya robo saa inakueleza bei halisi ya mapambo yale. Nintendo waliijua hesabu hiyo zamani: Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na rangi, ikatumia betri nne kwa saa nyingi; Game Gear ya Sega ilikuwa na rangi, ikameza betri sita kwa saa chache. Game Boy ndiyo iliyoshinda sokoni.

Kipimo cha mwisho kinahitaji subira, kwa sababu lazima mtu afungwe. Mwulize aliyefungwa, padi ingali mkononi, amefungwa vipi. Akisema "nimemtoa beki mapema", gemu ni nzuri. Akisema "gemu imeniibia", na wa pili na wa tatu wakasema vivyo hivyo, irudishe diski dukani. Nyoka wa simu za Nokia, aliyetengenezwa na Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, alikuwa vipande vyeusi kwenye kioo cha kijani. Lakini aliyejing'ata mkia alijua kosa ni lake, akaanza upya hapo hapo.

Wazee wanaocheza bao wanalifahamu hili kwa undani. Mashimo 32 na kete 64 hutosha, hata kama mashimo yamechimbwa ardhini na kete ni mbegu. Aliyeshindwa anaweza kukuonyesha kwa kidole shimo alilokosea. Bao la kuchonga lina uzuri wake, na uzuri wake bora umo ndani ya mashimo, yaliyolainishwa ili kiganja kizoe kete zote kwa mkupuo mmoja. Hivyo ndivyo ninavyotaka grafiki ziwe: uzuri ambao mkono unaufaidi.

Kwa hiyo, kama unafungua banda mwaka huu na fedha inatosha kitu kimoja tu, iache TV kubwa dukani. Nunua padi mpya mbili, halisi, zenye vijiti visivyolegea.