Alama za Watazamaji Mtandaoni: Kipimo cha Filamu au cha Wapigakura?

Wengi wape, walisema wahenga. Siku hizi methali hiyo imehamia kwenye filamu. Kabla ya kutazama, mtu hufungua tovuti ya IMDb. Akiona alama 8 kwa 10 huridhika, akiona 4 huachana nayo. Makala hii inadai kuwa alama hizo hutueleza zaidi kuhusu waliopiga kura kuliko kuhusu filamu yenyewe. Filamu mbili za mwongozaji mmoja, Terry George, zinatosha kuonyesha hoja hiyo.

Ya kwanza ni The Promise, inayohusu mauaji ya Waarmenia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo serikali ya Uturuki hukataa kuyaita ya kimbari. Ilionyeshwa mara chache tu katika tamasha la Toronto, Septemba 2016. Hata hivyo, kabla haijaingia kwenye majumba ya sinema Aprili 2017, ilikuwa tayari na makumi ya maelfu ya kura, nyingi mno zikiwa 1 au 10. Ni dhahiri kwamba wengi wa wapigakura hao hawakuwa wameitazama. Walikuwa wakigombania historia. Hapa wastani nao hupotosha. Watu 6 wakitoa 1 na watu 4 wakitoa 10, wastani ni 4.6, alama ambayo hakuna hata mmoja aliyeitoa. Anayeiona hudhani filamu ni hafifu kidogo, kumbe kuna vita.

Ya pili ni Hotel Rwanda ya mwaka 2004, yenye alama karibu 8. Hii imepigiwa kura na watazamaji wengi kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba iliwagusa. Lakini sehemu kubwa ilirekodiwa Afrika Kusini, wahusika wakuu huzungumza Kiingereza, na baadhi ya manusura waliokimbilia Hôtel des Mille Collines mjini Kigali wamepinga jinsi inavyomtukuza meneja, Paul Rusesabagina. Kwa mhakiki wa eneo letu, hilo ni swali la msingi la maudhui. Katika kura za dunia nzima, sauti za manusura hao ni tone baharini. Sometimes in April ya Raoul Peck (2005), iliyorekodiwa Rwanda kwenyewe, ina kura chache zaidi. Wingi wa kura hufuata umaarufu.

Aidha, kila tovuti ina hesabu yake. Katika Rotten Tomatoes, asilimia ya watazamaji huhesabu waliotoa nyota 3.5 au zaidi kati ya 5. Filamu ambayo kila mtu ameipa 3.5 hupata asilimia 100; ile ambayo nusu wameipa 5 na nusu 3 hupata 50, ingawa wastani wake ni mkubwa zaidi.

Je, alama hizi zitupwe? La. IMDb huonyesha pia mgawanyo wa kura, na huo una manufaa kuliko wastani. Mwanafunzi anayenukuu alama aeleze ni kura ngapi, zimegawanyikaje, na zilipigwa kabla au baada ya filamu kutoka. Akifanya hivyo, atakuwa na ushahidi wa mapokezi. Hukumu ya fani na maudhui itabaki kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo huanza kwa kuitazama filamu.