Masimulizi au Nyaraka: Kigezo cha Kuteua Vitabu vya Mauaji ya Kimbari vya Kutafsiriwa kwa Kiswahili

Bunge la Rwanda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tangu hapo, uteuzi wa vitabu vya kutafsiriwa kwa ajili ya shule na maktaba za Kigali umekuwa suala la kisera. Kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, tanzu mbili zinashindana.

Utanzu wa kwanza ni masimulizi ya kihabari, ambayo mfano wake mashuhuri ni kitabu cha Philip Gourevitch cha mwaka 1998. Anwani yake imetokana na barua ambayo wachungaji Waadventista waliokimbilia Mugonero walimwandikia kiongozi wao, Elizaphan Ntakirutimana. Kitabu hiki humkutanisha msomaji na watu wenye sura na sauti. Hata hivyo, hakina tanbihi, hivyo anayetilia shaka jambo hana pa kulihakiki.

Utanzu wa pili ni uchunguzi wenye nyaraka, kama ule wa Alison Des Forges, uliochapishwa na Human Rights Watch na FIDH mwaka 1999. Nyaraka za utawala wa Butare na Gikongoro zinaonesha jinsi amri zilivyoshuka hadi vijijini. Ni kitabu kizito, lakini kinahojika. Makadirio yake ya watu wasiopungua 500,000 waliouawa yako chini ya hesabu ya serikali inayozidi milioni moja. Kwa kuwa msingi wake umeelezwa, mtafiti anaweza kuyapinga kwa hoja.

Kesi ya Ntakirutimana mjini Arusha inadhihirisha tofauti hiyo. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Desemba 2004 Chumba cha Rufaa kilitengua hatia iliyohusu Mugonero kwa sababu ya kasoro za hati ya mashtaka, kikathibitisha ile ya Bisesero, na adhabu ikabaki. Uamuzi huo haukukanusha mauaji ya Mugonero. Ulibainisha kwamba kusadikisha ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine.

Kwa kijana aliyezaliwa baada ya 1994, anayekabiliwa na wakanushaji, machozi pekee si hoja. Kwa hiyo, fedha za umma zianze na uchunguzi wenye nyaraka, hata kwa toleo lililofupishwa. Masimulizi yafuate, yakiambatana na tanbihi za mfasiri.