Kiswahili katika Santuri ya "Bad"

Katika uhakiki wa nyimbo, kama katika uhakiki wa mashairi, yatupasa kuangalia fani na maudhui pamoja. Wimbo waweza kupendwa mno kwa ajili ya fani yake, na maudhui yakapita masikioni bila kuulizwa. Insha hii yakusudia kuuliza swali moja juu ya santuri ya "Bad" ya Michael Jackson wa Marekani: lugha yetu imefanya kazi gani humo?

Santuri hiyo ilitolewa mwaka 1987, ikiwa ya tatu na ya mwisho ambayo mwimbaji huyo aliitengeneza pamoja na Quincy Jones, baada ya "Off the Wall" (1979) na "Thriller" (1982). Nyimbo zake tano zilishika nafasi ya kwanza nchini Marekani, jambo ambalo santuri nyingine ilikuwa haijapata kulifanya, na nakala zake ziliuzwa kwa mamilioni. Hapana shaka fani ilistahili: kila ala imepewa mahali pake, na sauti ya mwimbaji hutoka katika mnong'ono hata ukali kwa kadiri ya maneno.

Wimbo unaotuhusu haumo katika hizo tano. Ni "Liberian Girl", yaani msichana wa Liberia. Mwanzoni yasikika maneno machache ya mapenzi kwa Kiswahili, yakitamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani katika miaka ya 1960, wakati nchi yake ikiwa chini ya ubaguzi wa rangi.

Lakini Liberia si nchi ya Waswahili. Lugha yake ya serikali ni Kiingereza, na wenyeji wana lugha zao, kama Kikpelle, Kibassa na Kivai. Tena Wavai wana hati yao wenyewe ya kuandikia tangu karne ya 19. Msichana wa magharibi, basi, amevishwa kanga ya mashariki. Zaidi ya hayo, limetumika neno "mpenziwe", ambalo maana yake ni mpenzi wake, mahali ambapo msemaji anamwita mpenzi wake mwenyewe na alipaswa kusema "mpenzi wangu". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angelisahihisha.

Je, tumlaumu msanii? Tusiharakishe. Wamarekani weusi ni wana wa watu walionyang'anywa lugha zao utumwani. Wengi hawawezi kujua kama babu yao alisema Kivai au Kikongo. Ndiyo maana baadhi yao walikichagua Kiswahili kuwa alama ya Afrika nzima: sikukuu ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ina maneno ya Kiswahili tele, ingawa mababu wengi walitoka pwani ya magharibi. Aidha, Lionel Richie alipotaka ladha ya ugenini katika "All Night Long" mwaka 1983, alibuni sauti zisizo za lugha yoyote. Jackson alichukua maneno yenye maana, akayaweka kinywani mwa mwanamke Mwafrika, katika wimbo wa kumsifu mwanamke Mwafrika. Hilo ni jambo la heshima.

Hata hivyo, heshima hiyo ina upungufu. Kiswahili hapa ni ushanga shingoni: hupendeza, wala hakibebi hoja, maana yote ya wimbo yameelezwa kwa Kiingereza. Miriam Makeba, naye wa Afrika Kusini, alipouimba "Malaika" aliwafanya wageni wasikilize wimbo mzima wa Kiswahili.

Asiyekujua hakuthamini. Kwa hiyo tusilewe furaha kwa kuwa tumetajwa katika santuri kubwa, wala tusiwabeze waliotutaja. Mwalimu na awape wanafunzi wake nyimbo hizi mbili, wapime katika kila mmoja Kiswahili kimepewa kazi gani. Kisha wausikilize wimbo wowote wa leo wa kwetu, waupime kwa kipimo kile kile.