Hilali Ilivyovuliwa Uungu

Mshairi wa pwani akiitia hilali katika ubeti, msomaji huuona msikiti, Ramadhani na Idi. Usomaji huo ni sahihi, ila haujatimia. Wapo wanaodhani kuwa hilali haikupata kuwa na maana nyingine. Na wapo wanaodai kwamba, kwa kuwa ilianzia kwa waabudu masanamu, basi kila anayeitukuza leo anaabudu mwezi bila ya kujua. Kauli ya kwanza ina upungufu. Ya pili ina kosa kubwa zaidi, kwani inachukulia kuwa chimbuko la taashira ndiyo maana yake ya milele.

Chimbuko hilo halifichiki. Katika miji ya kale ya Ur na Harran, hilali ilikuwa alama ya Sin, mungu mwezi. Nabonidus, mfalme wa Babeli kuanzia mwaka 556 hadi 539 kabla ya Kristo, alichongwa katika jiwe akiwa ameielekea alama hiyo, pamoja na zile za jua na nyota. Mji wa Byzantion nao ulitia hilali na nyota katika sarafu zake kabla haujawa wa Kikristo. Baadaye wachoraji wa Kikristo, wakifuata Ufunuo sura ya 12, walimsimamisha Bikira Maria juu ya hilali. Kilichokuwa mungu kikawa pahala pa kuwekea miguu.

Qurani ilifuata njia yake. Sura ya Fussilat, aya ya 37, inakataza kulisujudia jua na mwezi. Na al-Baqara, aya ya 189, inaieleza miandamo ya mwezi kuwa ni vipimo vya nyakati za watu na Hija. Mwezi ukavuliwa uungu, ukapewa kazi. Lakini huo ni mwezi wa mbinguni, si nembo. Hilali na nyota zilizoonekana katika sarafu za magavana wa mwanzo wa Kiislamu huko Uajemi zilirithiwa kutoka kwa Wasasani, na mnamo mwaka 77 Hijria khalifa Abd al-Malik alitoa sarafu zenye maandishi matupu. Ni dola ya Uthmaniya, karne nyingi baadaye, iliyoieneza hilali kuwa bendera. Na mwaka 1929 Mkataba wa Geneva ukaitambua hilali nyekundu kuwa alama ya huduma kwa majeruhi wa vita.

Kiswahili kimeihifadhi maana ya Qurani kuliko ile ya bendera. Neno moja, mwezi, ni jina la kiangazacho usiku na la siku zinazohesabiwa kwacho. Mwezi huandama, na watu hutoka kuutazama ili wahesabu, si ili wasujudu. Hadi leo waumini wa mji mmoja huweza kuanza saumu siku mbili mbalimbali, hawa wakifuata mwandamo wa kwao, wale wa nchi ya mbali. Huko ndiko uliko uhai wa taashira hii: katika uzi mwembamba wa nuru unaotafutwa, ukaonekana kwa huyu na usionekane kwa yule.

Utungo unaoipachika hilali kama pambo la mnara umechukua nembo na kuuacha mwezi. Utungo unaosimama pamoja na wanaoutafuta ndio unaostahiki jina la ushairi.