Kitabu cha maboi na wenyewe wake

Kuko kitabu kimoja cha Lubumbashi ambacho watu wengi wa Lubumbashi hawajakishika mukononi. Ni historia ya Elisabethville, aliyoiandika André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya maboi wa zamani, wale waliopikia wazungu na kufua nguo zao. Kiswahili chake ni hiki chetu. Johannes Fabian, aliyekuwa mwalimu wa antropolojia kule Amsterdam, pamoja na Kalundi Mango, wakaitoa kitabu mwaka 1990.

Kazi yao naisifu. Waliacha maandishi ya Yav vile yalivyo: maneno yamekatika-katika, mengine yameungana, ukisoma kwa macho tu unapotea. Basi walifanya nini? Yalisomwa kwa sauti, na maana ikatoka. Nimejaribu vile darasani. Kwanza wanafunzi walicheka, eti huyu hajui kuandika. Kufika ukurasa wa pili kicheko kikaisha, kijana mumoja akasema: "Mwalimu, ni vile nkambo wangu anasemaka."

Lakini maelezo ya wataalamu yako kwa Kiingereza, na sisi tumesomea Kifaransa. Baadaye waliweka maandishi kwenye intaneti, bure. Bure kwa nani? Mutoto wa Katuba ananunua mega kwa pesa ya mukate. Idara ikisema imerudishia wananchi mali yao, mimi ningeomba karatasi, hata fotokopi, ifike kwenye mashule. Ile yangu imekwisha kupasuka kwa kupita mikono, na ukurasa wa kwanza haurudi tena.