Kuizamia Stella Maru: Hesabu ya Pumzi na Hesabu ya Dakika

Kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Morisi, mbele ya ufuo wa Trou aux Biches, imekaa juu ya mchanga, katika kina cha mita 26 hivi, meli ya uvuvi ya Kijapani iitwayo Stella Maru, ambayo haikuangamizwa na dhoruba wala na taksiri ya nahodha, bali ilizamishwa kwa kusudi mwaka 1987 na chama cha uhifadhi wa bahari cha kisiwa hicho, ili mifupa yake iwe maskani ya samaki. Hapo mwanzo ililala ubavu. Miaka michache baadaye kimbunga kikaitikisa na kuisimamisha juu ya mkuku wake, jambo ambalo wahandisi wangelitoza fedha nyingi kulifanya. Pwani hiyo imekingwa na upepo wa kusi, na maji kupwa na kujaa huko hayazidi nusu mita hivi, kwa hiyo mzamiaji wa Mombasa, aliyezoea bamvua ipandayo na kushuka zaidi ya mita 3, ataona kama kwamba bahari imelala.

Maji nayo ni ya vuguvugu, tangu nyuzi 23 katika miezi ya baridi hadi 28 katika miezi ya joto, na hapo ndipo penye nukta ya uchambuzi huu: watu wengi hudhani kwamba vuguvugu huondoa hatari ya kuzamia, ilhali hakika yake ni kwamba huihamisha tu kutoka mahali paonekanapo na kuipeleka mahali pasipoonekana.

Tuanze na pumzi, maana ndiyo mtaji. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, hata mzamiaji afikapo kwenye mchanga wa Stella Maru huwa katika shinikizo lipatalo mara 3.6 ya lile la nchi kavu. Na kwa kuwa kidhibiti cha mtungi humpa hewa kwa kadiri ya shinikizo la maji yaliyomzunguka, kila pumzi aivutayo hula mtungi kwa kadiri hiyo hiyo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,400 za hewa. Ondoa lita 600, yaani bari 50, ambazo ni amana isiyoguswa ila kwa dharura. Mgeni mwenye wahka, ambaye juu ya maji hutumia lita 20 kwa dakika, huko chini atatumia 72, na akiisha kutenga lita 230 hivi za kupandia atakuwa amebakiwa na dakika 21 tu, ama 22. Jedwali la zamani la wanamaji wa Marekani humruhusu mtu kukaa dakika 30 katika mita 27 pasipo kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Basi mgeni huyu hewa humpungukia kabla naitrojeni haijapata kumdhuru. Mtungi wake, bila yeye kujua, ndio mlinzi wake.

Sasa mtazame fundi. Yeye ametulia, hatetemeki kwa baridi, hapigi mikono, na pumzi yake juu ya maji haizidi lita 12 kwa dakika, kwa hiyo mtungi ule ule humpa dakika 38 chini, nazo ni 8 kupita zile za jedwali. Hapana geji itakayomwonya kwamba hewa inakwisha, kwa sababu haiishi. Kinachojaa ni naitrojeni katika damu na mafuta ya mwili, nayo haina uchungu wala harufu, mpaka mtu apande upesi ikageuka mapovu. Misingi ya majedwali haya iliwekwa na John Scott Haldane na wenzake mwaka 1908, baada ya majaribio waliyowafanyia mbuzi, na tangu hapo wazamiaji wamekuwa wakila matunda ya taabu ya wanyama hao bila ya shukrani. Kwa hiyo fundi huyu, ambaye kwa mtazamo wa watu ndiye aliye salama zaidi, ndiye hasa apaswaye kutazama saa kuliko geji. Aghalabu hutumia hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, ambayo humpunguzia naitrojeni na kumwongezea dakika, kwa sharti kwamba asipite mita 33, maana zaidi ya hapo oksijeni yenyewe yaweza kuwa sumu.

Hila ya pili ya vuguvugu ni nguo. Mtu huvaa vazi jembamba, tena hupunguza vipande vya risasi kiunoni, na kwa kweli mwili huwa mwepesi kuuongoza. Lakini maji huchukua joto la mwili mara 25 hivi kupita hewa, na baada ya nusu saa hata nyuzi 26 huanza kuuma mabegani. Kituo cha majaribio ya uzamiaji cha wanamaji wa Marekani kilionyesha kwamba hali mbaya kupita zote ni kuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda, kwa kuwa joto huharakisha damu kuchukua naitrojeni, na baridi huizuia kuitoa. Hivyo ndivyo anavyofanya mtalii aliyevaa fulana nyembamba: huzama na jua mgongoni, na hupanda akitetemeka.

Jinsi ya kuizunguka meli hutokana na hesabu hizo. Fundi hushuka kwa kamba ya boya moja kwa moja hadi tezi, kwenye mchanga, ambako husoma hali ya usukani na rafadha wakati dakika zake bado ni mpya. Kisha hufuata ubavu kuelekea omo, akitazama kwa taa mashimo ambamo mkunga hutoa kichwa, kinywa wazi, akifungua na kufunga taya, tabia ambayo wageni huiita hasira, nayo si chochote ila kupumua. Baadaye hupanda kwenye sitaha, halafu juu ya chumba cha nahodha, na kila mita aachayo nyuma humrudishia hewa na dakika. Hapo ndipo fadhila ya kile kimbunga hudhihirika: meli iliyosimama ni ngazi, ilhali ile iliyolala ubavu ingemzuia mzamiaji karibu na mchanga muda wote.

Kuingia ngama, ambamo zamani samaki waligandishwa, ni kazi nyingine kabisa, nami sioni sababu ya kumruhusu asiyefunzwa. Mapovu ya pumzi yakigonga dari huangusha kutu, teke moja la pezi huinua tope, na mlango uliokuwa wazi hupotea machoni kwa muda mchache. Aingiaye hufunga uzi nje kabla ya kuingia, hubeba taa zaidi ya moja, na hugawa hewa yake mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, na moja la kadari. Tena hii ni meli iliyofikiwa na wavuvi wa leo pia, ambao mishipi yao hunasa katika vyuma. Uzi wa nailoni hauonekani majini, na mzamiaji asiye na kisu au mkasi mahali ambapo mikono yote miwili hufika amejifunga mwenyewe kabla ya kufungwa.

Kupanda ni kwa taratibu isiyozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama mita 5 kwa dakika 3, hata kama kompyuta ya mkononi haikudai. Na kwa kuwa wageni wengi wa Morisi hufika na kuondoka kwa ndege, aliyezamia zaidi ya mara moja asipande ndege mpaka zipite saa 18.